YAH: PONGEZI KWA KUIPUNGUZA HISTORIA HADI POINTI SITA

Kwa Mheshimiwa Mtunga Mtihani wa Historia na Uraia,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mzazi wa binti wa kidato cha tatu. Najua barua nyingi unazoletewa ni za lawama, ndiyo maana nimeona nikushukuru hadharani. Nimelipitia daftari lake la historia ukurasa kwa ukurasa, na kwa kweli kazi imefanyika. Hakuna lililowahi kutokea nchi hii lisilo na sababu sita na athari sita. Likiwa na ya saba, hiyo haina alama.

Chukua Vita vya Maji Maji. Wamatumbi waling'oa pamba ya kulazimishwa Julai 1905, na hadi kufika 1907 kusini yote ilikuwa majivu. Daftari linasema sababu ya tatu ya kushindwa ni uongozi dhaifu. Naafiki. Kiongozi wao, Kinjekitile Ngwale, alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita havijatimiza hata mwezi, na mtu akishanyongwa uongozi wake hudhoofika sana.

Halafu athari. Wajerumani walichoma maghala na mashamba makusudi ili watu wafe njaa, na wakafa: makadirio ya waliopoteza maisha yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Katika daftari, wote hao wamepewa neno moja la Kiingereza, pointi ya nne, na pembeni tiki nyekundu. Hata Mjerumani mwenyewe hakufanikiwa kuwafupisha kiasi hicho.

Nikiri, mtaala mpya ulipoanza kutekelezwa mwaka 2024 na kuleta somo la Historia ya Tanzania na Maadili, tena kwa Kiswahili, roho ilinidunda. Nikajua sasa watoto wataelewa, na wakielewa watauliza. Mdogo wa binti yangu, aliye shule ya msingi, amenitoa hofu. Naye anakremu vizuri tu, tofauti ni kwamba mimi nyumbani nasikia kila neno.

Tatizo nililonalo ni bibi yao, mzaa mama, wa Songea. Bibi huyu hana nidhamu ya kitaaluma. Mjukuu akianza kumsomea pointi, yeye anamkatiza kwa habari za Nduna Songea Mbano, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1906 kama wenzake, na kichwa chake ambacho watu wa kule wanakidai Ujerumani hadi leo. Kichwa hicho nimekitafuta kwenye notisi, hakimo. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikwenda Songea, akaketi na wajukuu wa waliouawa, akaomba msamaha. Mgeni yule pengine hakupata nakala ya mwongozo wa usahihishaji. Angeambiwa kuwa somo hilo lilishafungwa.

Hatari hii ya kuwasikiliza wazee si mpya. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walipelekwa vijijini kuwahoji wazee waliovikumbuka Vita vya Maji Maji. Vijana wakakaa chini na wazee, wakauliza, wakaandika, na wasomi wanayategemea maandishi yale mpaka leo. Sasa fikiria kijana wa kidato cha tatu akifanya hivyo. Mzee wa kijiji hiki aseme hili, wa kijiji cha pili aseme lile, mtoto alazimike kupima mwenyewe nani wa kuaminiwa na kwa nini. Msahihishaji mwenye rundo la pepa mbele yake atampa ngapi?

Kwenye uraia sina la kuongeza, maana huko mmekwenda hadi vitendo. Binti aliikariri Ibara ya 18 ya Katiba ya mwaka 1977, uhuru wa maoni na haki ya kutafuta habari, akapata alama zote. Wiki hiyo hiyo akanyoosha mkono paredi kuuliza michango ya chakula imefikia wapi. Alifyeka nyasi nyuma ya vyoo hadi jioni. Uchaguzi wa viranja nao ulikuwa huru na wa haki: majina yalichujwa ofisini kwanza, likabaki moja, na wanafunzi wote wakalipigia kura bila shinikizo. Kijana aliyepita katika malezi hayo hatashangaa chochote akiwa mtu mzima.

Naomba, Mheshimiwa, usije ukashawishika kutunga swali linalomtaka mtoto amtafute mzee mmoja, amsikilize, kisha aandike ni wapi mzee yule na kitabu vinapishana, na yeye anamwamini nani. Kwanza halina pointi sita. Pili, mtoto wa namna hiyo akirudi kwenye habari ya michango, nyasi za shule hazitatosha.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mzazi

Nakala: Bibi, Songea – kwa taarifa tu. Asijibu.