Sabasaba Nendeni Nyinyi

Chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam tarehe 7 Julai 1954 ili kudai uhuru wa Tanganyika. Sisi wa leo tunaiadhimisha siku hiyo, Sabasaba, kwenye viwanja vya maonyesho ya biashara, Barabara ya Kilwa, tukidai nafasi ya kupitisha bega. Eti anayeogopa umati si mzalendo. Haya, mashujaa! Nendeni mkakanyagwe vidole, mpoteze mtoto na simu kwa mpigo (mtoto hutangazwa kwenye kipaza sauti, simu ndiyo imekwenda), kisha mrudi na ndoo ya plastiki ambayo sokoni Kariakoo ipo mwaka mzima. Mimi ambaye moyo hunienda mbio nikibanwa, nitakwenda kesho yake asubuhi. Maonyesho hayafungwi tarehe 7.