Sahihi Chini ya Kitanda

Jirani, unaniona hivi na sandali imepasuka, lakini chini ya kitanda changu kuna mali. Mama watoto anaiita takataka. Hajui historia, mwache.

Wamarekani ndio walinichanua. Mwaka 1860, Abraham Lincoln akisaka urais, katoto ka miaka 11 kalimwandikia afuge ndevu ndio apate kura. Jamaa akajibu, akatia sahihi. Leo hiyo karatasi ni chapaa. Ya ndevu tu! Na sisi Kenya tuna Fomu 34A, ile ya matokeo ya kura za urais, kila kituo na yake, imesainiwa na msimamizi na mawakala, na hakuna anayekusanya! Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilizimwaga kwenye mtandao, mwenyewe ujijumlishie.

Nikaingia saiba. Kijana akauliza nataka ngapi. Nikasema zote. Akauliza kama najua vituo vilikuwa 46,229, na kuprinti ukurasa mmoja ni shilingi kumi. Tukapiga hesabu: 462,290. Foleni nzima ikageuka kuniangalia. Nikachukua za mtaani kwetu tu. Tena kwa deni.

Lakini ni tamu, wacha nikwambie. Juu wagombea wanne, Odinga mpaka Wajackoyah. Chini mawakala. Kuna mmoja sahihi yake inaanza vizuri, halafu inateremka mpaka nje ya kisanduku, nadhani usingizi ulimkuta na kalamu mkononi. Mwingine ni wa ploti yetu hapa, na ananidai.

Nikampelekea jamaa wa mjini anayenunua vitu vya zamani. Akalowesha kidole kwa mate, akasugua sahihi. Haikutoka. Akasema huu ni wino wa printa. Nikamwambia ndiyo, printa poa sana, katriji imebadilishwa juzi. Akaniuliza kama nimekuja na mtu mzima.

Nikarudi kwa miguu, matatu ningepanda na nini? Nyumbani nakuta mama watoto amegeuza fomu ya kituo cha shule ya msingi, nyuma ameandika madeni yangu: unga, maziwa, saiba. Juu ya historia! Nikapiga kelele. Akanipa biki.

"Baba Bobo, tia sahihi hapo chini. Na tarehe."

Nikatia. Akaipiga picha, akairusha kwa grupu ya familia. Kufika jioni, mama mkwe alikuwa ameshajumlisha.