Hazina za Suffolk na Fundi wa Tabora

Mjomba wangu wa Tabora,

Umeniuliza kwenye simu kama ni kweli Wazungu wa huku Uingereza huokota dhahabu mashambani. Ni kweli, ila usianze kunitumia orodha ya mahitaji.

Jirani yangu ni mzee mstaafu. Pensheni anayo, nyumba anayo, hana shida na mtu. Lakini Jumamosi ikifika huvaa mabuti, akaweka spika masikioni, akaenda na ditekta yake, ile mashine ya kutafutia metali, kuzunguka shamba lililokwisha kuvunwa, mvua ikimnyeshea. Mimi ndiye mbeba sepetu. Mashine ikikoroma, huo ni msumari. Ikilia kwa sauti nyembamba, huenda ni fedha, au kile kishikio cha kufungulia kopo la soda, na Waingereza wamekunywa soda nyingi mno. Tunachimba, tunatoa kishikio, tunafukia shimo mkulima asije akatufukuza, tunasogea kidogo, inalia tena. Akipata kifungo cha koti la kale, hurudi nyumbani akiimba.

Juzi alipangusa tope kwa kidole gumba, ikatokea nusu ya sarafu ya fedha, nyembamba kama ukucha, imekatwa katikati kabisa. Zamani za kale huku, chenji ikikosekana, sarafu ya peni ilikatwa kwa kufuata msalaba uliochorwa nyuma yake, ukapata nusu au robo. Makonda wetu wanaosema "chenji hamna" wangekosa pa kujitetea. Mzee alikaribia kulia kwa furaha. Ukiiuza, hupati mbuzi wa maana.

Waliotajirika wapo. Mwaka 1992, katika kijiji cha Hoxne, humu humu Suffolk, mkulima alipoteza nyundo akamwomba rafiki yake, Eric Lawes, aje na ditekta waitafute. Lawes akaangukia dhahabu na fedha za zama za Warumi, sarafu peke yake karibu 15,000. Hakujaza mifuko akatoroka usiku. Alitoa taarifa, wanaakiolojia wakaja kumalizia kuchimba. Akalipwa pauni milioni 1.75, akagawana na mkulima. Nyundo nayo ilipatikana, na sasa imehifadhiwa katika British Museum, London. Nyundo, Mjomba! Ya kwako iliyoko chini ya kitanda usiitupe.

Sheria yao ya hazina ya mwaka 1996 haina mzaha. Ukipata sarafu mbili au zaidi za dhahabu au fedha mahali pamoja, zenye umri wa zaidi ya miaka 300, una siku 14 za kutoa taarifa kwa ofisa yuleyule anayechunguza vifo vya utata. Marehemu na dhahabu hupanga foleni moja. Ukinyamaza, unaweza kwenda jela.

Sasa nije kwa huyo fundi wako, anayedai ameona "mali ya Mjerumani" iliyofukiwa ardhini huko Tabora. Sitakataa kwamba hela yenyewe ilikuwepo: mwaka 1916 Wajerumani walitengeneza hapohapo Tabora sarafu ya dhahabu ya rupia 15, yenye picha ya tembo. Lakini mashine ya jirani yangu, sarafu moja ikishapita futi moja hivi chini, haisikii kitu. Huyu wako ameliona sanduku futi thelathini chini, akahesabu na kufuli zake, kisha anadai ubani, kuku mweusi na laki tano za kutanguliza! Huku nimeona mwenye shamba akigawiwa chake hazina ikipatikana. Sijaona hata mmoja akitozwa kabla sepetu haijagusa ardhi.

Kwa hiyo Mjomba, tafadhali, usimpe hata senti, na kuku arudishwe bandani. Kama huyo fundi anapenda sana kuchimba, mwonyeshe pale tulipopanga kujenga choo kipya. Kwa shimo hilo, malipo nitatuma mimi.

Mpwa wako,
Suffolk, Uingereza