Kuku wa Bei ya Jioni

Kama na wewe unaishi ghorofani Kariakoo pamoja na mama mkwe, shemeji, watoto watatu na choo kimoja, sogea tuzungumze.

Shemeji yangu, mdogo wake Mama Nasra, tumembandika jina Bei ya Jioni, maana hanunui kitu mpaka muuzaji aanze kukunja turubai. Mkesha wa Idd akatumwa kuku wanne wa kienyeji. Akarudi na bodaboda, kuku wamefungwa miguu kwa mpira, wawili kila upande wa usukani, vichwa chini, midomo wazi. Mtaa mzima hakuna aliyegeuka kutazama. Kariakoo kuku hubebwa hivyo kila siku ya Mungu.

Aliyetazama ni Nasra. Huyu binti yetu tunamwita Wakili, na kesi zake nyumbani hapa hashindwi. Alichukua kisu cha vitunguu akakata mipira yote pale pale sebuleni. Kuku wawili hawakuweza kusimama. Mpira ulikuwa umezama kwenye miguu, vidole vimevimba, na mmoja alikuwa akihema kwa mwili mzima. Wa tatu akapanda pazia. Wa nne, jogoo mwekundu, akaruka juu ya kabati, akaangusha chupa ya chai, akatua kwenye beseni la unga wa maandazi uliokuwa unaumuka. Mama Nasra anapiga kelele kwa ajili ya pazia, mtoto wetu wa mwisho anashangilia, Bei ya Jioni amesimama mlangoni anadai nauli ya bodaboda.

"Kwani si wa kuchinjwa kesho?" akasema. "Mnawabembeleza wa nini?"

Hoja hiyo utaisikia kila mahali, kwa watu wema kabisa. Lakini kuku hana kiwambo cha kutenga kifua na tumbo kama tulicho nacho sisi. Ukimning'iniza kichwa chini, matumbo yanamlalia mapafu na vifuko vya hewa, anapumua kwa taabu. Na safari yake haikuanzia sokoni. Kuku wengi wa kienyeji tunaowala mjini hapa hutoka bara, Dodoma na Singida. Singida ni karibu kilomita 700, na hizo huzimaliza ndani ya tenga, wamebanana, juani. Ukimwonea huruma kwenye usukani tu, umechelewa sana.

Aliyemjibu shemeji ni mama mkwe, ambaye kwa heshima zote tunamwita Bibi Amri. Alikuwa ameshawamiminia kuku maji kwenye sahani ya chai, moja ya zile za wageni, na Mama Nasra hakuthubutu kusema neno. "Mtume katufundisha tunoe kisu, mnyama apumzishwe, wala asikione kisu kikinolewa," akasema. "Dakika ya mwisho ina adabu zote hizo, iweje safari nzima ikose adabu?"

Wakili naye akadakia: nchi ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu 2008, na usafirishaji na uchinjaji vyote vimo. Ni kweli. Iko kwenye vitabu, na bodaboda hupita na kuku vichwa chini mbele ya kila mtu. Mimi nakula nyama, na sikusudii kuacha. Ndiyo maana naona deni hili ni langu kuliko la asiyekula: maumivu ya njiani hayauongezei mchuzi ladha, yanamwokolea mtu boksi tu.

Asubuhi Bibi Amri alisimamia uchinjaji wa watatu, mmoja mmoja, wengine wakiwa nyuma ya mlango. Jogoo mwekundu alipewa msamaha na Wakili. Akakaa barazani, akawa anawika saa kumi alfajiri, jirani wa chini akapanda kulalamika akiwa na shuka. Jogoo kufungiwa kwenye baraza ya hatua tatu nako si kumtendea haki, basi tukampeleka kwa shangazi Kisarawe, ambako kuna uwanja na majike.

Siku hizi Bei ya Jioni haruhusiwi kutoka kununua kuku bila boksi la matufaha, lile lenye matundu, na haweki zaidi ya wawili. Boksi haliningʼinii kwenye usukani, hivyo dereva anadai nyongeza, shemeji anaapa hatoi, na wote wawili wananipigia simu kutoka chini ya ngazi. Nashuka, nalipa.