Mhadhara wa Elimu ya Masalia: Kuhusu Mirija Iliyofungwa na Muda Wake wa Kukauka

Imekubalika kwa kauli moja miongoni mwa mabingwa wa fani hii, yaani mhadhiri mwenyewe pamoja na wale wote watakaokuwa wameshawishika kabla ya aya ya mwisho, kwamba hakuna taaluma iliyodharauliwa kuliko Elimu ya Masalia, ambayo huchunguza kinachobaki ndani ya bomba baada ya bomba kufungwa. Taaluma hii haifundishwi katika chuo kikuu chochote, upungufu ambao ni wa vyuo wala si wa taaluma, na ndiyo sababu mhadhiri alilazimika kujitunuku uprofesa kwa mkono wake mwenyewe.

Vasektomi, ambayo watu wa kliniki za uzazi wa mpango huiita kufunga kizazi kwa mwanaume, ni upasuaji mdogo ambao daktari, akiisha kumchoma mteja sindano ya ganzi, huikata na kuifunga mirija miwili inayopitisha mbegu za kiume kutoka kwenye korodani. Isichanganywe na kuhasi, jambo linalowahusu maksai, kwa maana korodani hubaki mahali pake na hamu ya tendo haiguswi. Kazi yote kwa kawaida haimalizi nusu saa, na tangu daktari Li Shunqiang wa Sichuan nchini China alipobuni mwaka 1974 njia isiyotumia kisu, ambayo ngozi hutobolewa tundu dogo badala ya kuchanwa, mara nyingi hata uzi wa kushonea hauhitajiki. Mteja hushuka kitandani, huvaa suruali taratibu, hutembea ametanua miguu kama aliyepanda punda kutoka Lamu hadi Shela, na siku chache baadaye huanza kujitangaza kuwa sasa yu salama.

Hapo ndipo Elimu ya Masalia inapogonga meza. Mrija hukatwa ndani ya mfuko wa korodani, karibu na mwanzo wa safari, ilhali njia yenyewe hupanda hadi tumboni, ikazunguka nyuma ya kibofu cha mkojo na kuingia kwenye tezi dume. Mbegu zilizokwisha kuvuka mahali pa mkato siku ile hazina wa kuzirudisha. Mwenye nyumba wa Temeke au Likoni analijua jambo hili bila kuhudhuria mhadhara, kwani mamlaka ya maji ikifunga koki ya barabarani, tangi lililo juu ya paa huendelea kuteremsha maji jikoni mpaka akiba iishe, na akiba ya mwanamume huchukua wiki nyingi kwisha.

Wapo wanaodai kwamba wiki moja yatosha, kwa hoja kwamba mbegu huishi takriban siku 5 tu. Hoja hiyo inahusu mbegu zilizokwisha kuingia katika mwili wa mwanamke, nayo haistahili kujibiwa zaidi ya hapo. Shule yenye uzito ni ile iliyohesabu mikupuo, ikimwambia mteja kwamba akishatoa shahawa mara 20, yaani akishafunga yale ambayo vijana wa kijiweni huyaita mabao, njia itakuwa imesafishika. Mabao 20 ni idadi ambayo mshambuliaji wa Ligi Kuu huweza kuitafuta msimu mzima asiipate, lakini wako waume walioifikisha mapema, kwa bidii inayostahili kiatu cha dhahabu, wakaenda maabara vifua mbele na kukutwa bado wana mbegu. Kwa hiyo Shirika la Afya Duniani hutegemea kalenda, yaani miezi 3 tangu siku ya upasuaji, na katika muda huo wote wenzi hutakiwa kutumia njia nyingine ya kuzuia mimba. Mabao hayakatazwi, kwa kuwa husaidia kuondoa masalia; hayakubaliwi tu kuwa ushahidi.

Ushahidi haupatikani kwa macho, maana mbegu ni sehemu ndogo sana ya shahawa, na majimaji mengine, yatokayo kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume, huendelea kutoka kama jana na juzi. Unapatikana kwenye kikopo cha plastiki chenye kifuniko, kilichoandikwa jina kwa kalamu ya wino mzito na kukabidhiwa mtu wa maabara ambaye, kwa adabu ya kazi yake, hamtazami mwenye kikopo usoni. Chama cha madaktari wa mfumo wa mkojo cha Marekani huelekeza kipimo hicho kifanyike kati ya wiki ya 8 na ya 16, na humruhusu mteja akikutwa hana mbegu kabisa, au ana zisizozidi 100,000 kwa mililita zilizolala zote bila hata moja kutikisa mkia. Hata baada ya ruhusa hiyo, mimba hutokea kwa takriban mtu 1 kati ya 2,000, kwani miisho ya mrija huweza kuungana tena.

Basi aliyefungwa tarehe 1 Machi apeleke kikopo chake mwanzoni mwa Juni, na mpaka majibu yatoke, kondomu ziendelee kutumika. Maswali yanakaribishwa, nayo yatajibiwa baada ya miezi 3.