Ghorofa Nne Zenye Ghorofa 16

Kileleshwa, Nairobi, hakuna mvunja sheria. Mwongozo wa ujenzi wa jiji wa 2004 uliweka kikomo cha ghorofa nne kwa fleti za hapo. Jengo likifika 16, basi ni hesabu tu imepitiwa. Tena majirani hawakunyimwa nafasi. Tangazo lilibandikwa getini, nyuma ya maua, na sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 iliwapa siku 14 za kupinga kibali. Asiyechungulia vichakani amlaumu nani? Sasa wako mahakamani, kesi inaahirishwa, zege haliahirishwi. Na mjenzi, msimseme vibaya, ni mkarimu: kivuli kutwa bure, na wapangaji wa juu watawalindia nguo zilizoanikwa uani. Bomba la majitaka la enzi za bangalo? Litazoea.