Mtungi Mtupu: Ushauri kwa Wageni wa Kosele Wapendao Kutembea

Matembezi, kwa maana itakayotumika katika safu hii, ni mwendo wa miguu usio na haja ya dukani, hospitalini wala msibani, unaofanywa na mtu mwenye afya njema katika siku ambayo hakutumwa na yeyote. Maana hiyo haina budi kuwekwa wazi mapema, kwa sababu barua zilizopokelewa safari hii zimetoka kwa wageni waliohamia Kosele, soko la Kaunti ya Homa Bay lililo upande wa Oyugis, nao wanalalamika kwamba mwendo wa aina hiyo hautambuliwi huko.

Barua ya kwanza ni ya mwalimu kutoka Malindi, mmoja wa wale waliojikuta mbali na kwao tangu Tume ya Huduma za Walimu ilipoanza, mwaka 2018, kuwahamishia walimu nje ya kaunti zao. Anaeleza kwamba kila Jumamosi saa moja asubuhi hutoka kunyoosha miguu, lakini kabla hajamaliza mita mia mbili waendesha bodaboda watatu huwa wamekwisha kumwuliza aendako, na anapojibu kwamba anatembea tu, mmoja wao hujitolea kumbeba bure akidhani kwamba nauli imemwishia. Anauliza afanye nini ili aachwe.

Kosa la mwalimu huyo ni la kilugha kabla ya kuwa la kijamii. Katika Kiswahili cha pwani alikotoka, kutembea ni kuzunguka kwa starehe na pia ni kwenda kumzuru mtu, hivyo anayesema kwamba anatembea hudhaniwa kuwa ana wenyeji wanaomngoja mahali fulani; kitenzi hicho kikifuatwa na neno "na" pamoja na jina la jirani, huwa ni tatizo jingine linalojibiwa katika matoleo mengine ya safu hii. Kijaluo, ambacho ndicho lugha ya Kosele, kina wuotho, yaani kwenda kwa miguu, na kina bayo, yaani kuzungukazunguka pasipo shughuli, na tofauti ya maneno hayo mawili ni kwamba la kwanza linamstahili mtu mzima saa moja asubuhi ilhali la pili linahitaji maelezo. Isitoshe, tangu serikali ya Kenya ilipoziondolea pikipiki ndogo ushuru wa ziada ya thamani mwaka 2008, zimeenea vijijini kiasi kwamba mwenye mshahara anayekwenda kwa miguu hufikiriwa ama amefilisika ama ametumwa kupima barabara itakayopanuliwa, na dhana ya pili ndiyo mbaya zaidi, kwa maana ataulizwa fidia italipwa lini.

Dawa yake ni mtungi mtupu wa plastiki wa lita 5. Mwenye mtungi ana safari, nayo ni safari inayoeleweka, na hakuna mtu atakayehakikisha kama aliurudisha ukiwa na maji, mafuta ya taa au maziwa. Ubebwe kwa mkono wa kushoto ili wa kulia ubaki huru, kwa kuwa salamu za huko ni za kupeana mikono na huanza kwa oyawore, neno ambalo maana yake ya asili ni kwamba kumefunguka, yaani kumekucha, na ambalo hujibiwa kwa oyawore ahinya, yaani kumekucha sana. Mwalimu asijaribu kufupisha. Baada ya kukiri kwamba kumekucha ataulizwa habari za nyumbani, za kazi na za Malindi kwa jumla, kwa hiyo mwendo wa dakika 40 utengewe saa mbili.

Mhasibu aliyetoka Nairobi ana shida ya mavazi. Jumamosi yake ya kwanza alitoka na kaptula na raba, akakuta maduka mengi yamefungwa na njia imejaa watu waliovaa suti na magauni marefu, akaamini kwamba pana maziko ya mtu mkubwa, akawafuata kwa heshima mpaka ndani ya jengo walimoingia, na akatoka saa saba mchana akiwa amekwisha kutambulishwa kwa mkutano mzima kama mgeni wa siku.

Mhasibu huyo alikuwa kanisani. Mwaka 1906 Arthur Carscallen, mzaliwa wa Kanada, na Peter Nyambo, mwenyeji wa Nyasaland ambayo sasa ni Malawi, walianzisha misheni ya Waadventista Wasabato huko Gendia, karibu na Kendu Bay, na kutoka hapo Sabato, ambayo ni muda unaoanza jua linapotua Ijumaa na kwisha linapotua Jumamosi, ikashika mizizi katika nyumba nyingi za Rachuonyo, eneo ilimo Kosele. Jumapili nayo ni ya Wakatoliki, Waanglikana na wengineo, na miongoni mwa anaoweza kukutana nao njiani wamo waumini wa Legio Maria wenye kanzu za rangi mbalimbali na rozari shingoni, wafuasi wa kanisa lililojitenga na Kanisa Katoliki mwanzoni mwa miaka ya 1960 na ambalo mlima wake mtakatifu, Got Kwer, uko katika Kaunti jirani ya Migori. Kwa kuwa siku zote mbili za mwisho wa juma zina wenyewe, na kwa kuwa siku tano zilizobaki mhasibu yuko kazini, kaptula irudishwe Nairobi.

Muuguzi anayetaka kujua saa nzuri ya kutoka ajibiwe kwa ufupi: ni asubuhi, mara baada ya jua kuchomoza. Kadiri mchana unavyosonga, upepo wa Ziwa Viktoria huvuma kuelekea nchi kavu, ukapandishwa na nyanda za juu za Kisii na kukutana na upepo wa mashariki, na matokeo yake ni mawingu mazito na radi za alasiri. Kuanzia Machi hadi Mei avae gambuti.

Barua ya mwisho ndiyo nzito. Mpangaji mmoja amechoshwa na vumbi la barabarani na anauliza kama anaweza kufuata vijia vinavyopita katikati ya maboma. Anaweza, lakini kwanza ajue anapita wapi. Boma la Kijaluo, liitwalo dala, kwa desturi huzungukwa na ua wa ojuok, mti unaojulikana pwani kama mnyaa, ambao utomvu wake mweupe huumiza macho vibaya, kwa hiyo asivunje tawi ili kufukuzia nzi. Mlango wa ua ni rangach, na karibu nao husimama simba, ambayo hapa si mnyama bali ni nyumba ya kijana wa kiume, na ndiyo maana wa kwanza kumhoji mpita njia huwa ni vijana. Wakimwuliza yeye ni wa nani, asiseme kwamba hana mtu. Sheria za jadi zilimtambua hata jadak, yaani mtu wa ukoo mwingine aliyekubaliwa kuishi katika ardhi isiyo yake, ila zilitaka ajulikane nani aliyempokea. Amtaje mwenye nyumba anayemlipa kodi.

Akikaribishwa uji na viazi vitamu, ambavyo eneo jirani la Kabondo lina sifa navyo, asikatae, na ni busara asinywe chai kabla ya kutoka. Karibu na Kendu Bay liko ziwa la kreta lenye maji ya magadi, Simbi Nyaima, maana yake Simbi iliyozama, na masimulizi ya wenyeji yanasema kwamba hapo palikuwa na kijiji kilichomezwa na maji baada ya kumnyima bibi kizee mgeni chakula na mahali pa kulala. Watu wenye ziwa kama hilo katika kaunti yao hawamruhusu mpita njia aende na njaa, na mpangaji asidhani kwamba ukarimu huo unatokana na sura yake.

Wasomaji wanaombwa wasitume tena maswali kuhusu mbwa wa njiani. Jibu lake ni mtungi uleule, ukipigwa kwa fimbo.